Kutumia Tena Maelezo ya Majedwali katika Django: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa mtu ambaye tayari ameunda modeli moja au mbili za Django, fremuweki ya Python ya kujengea mifumo ya wavuti, na ameanza kuchoka kunakili nyuga zilezile kutoka klasi moja hadi nyingine. Mifano yote inatoka katika mfumo wa chama cha akiba na mikopo, kwa sababu mfumo wa aina hiyo una majedwali mengi yanayofanana kwa sehemu: wanachama, hisa, mikopo, marejesho, faini.

## Misingi

1. Kutumia tena maelezo ya jedwali maana yake nini hasa?

Katika Django, jedwali la hifadhidata huelezwa na klasi ya Python inayorithi `models.Model`, na kila uga wa klasi hiyo huwa safuwima ya jedwali. Karibu kila jedwali la chama chetu linahitaji kujua rekodi iliundwa lini, ilibadilishwa lini na nani aliyeiingiza. Ukiziandika nyuga hizo tatu kwa mkono katika klasi ishirini, haitapita miezi mingi kabla hujakuta klasi moja inasema `tarehe_kuundwa`, nyingine inasema `iliundwa`, na ya tatu imesahau `auto_now_add` kabisa. Kutumia tena ni kuyaandika maelezo hayo mahali pamoja na kuyaacha yarithiwe.

Kuna tofauti moja ambayo ndiyo mzizi wa majibu mengi hapa chini. Kushiriki maelezo ni jambo moja, na kushiriki data ni jambo jingine. Majedwali mawili yanaweza kuwa na safuwima zenye jina na aina ileile bila kuwa na uhusiano wowote kati ya rekodi zao. Wengi wanaoingia matatani wametaka lile la kwanza wakachagua njia ya lile la pili.

2. Django inatoa njia zipi?

Ni tatu. Modeli dhahania hushiriki maelezo tu. Urithi wa majedwali mengi hushiriki maelezo pamoja na data, kwa kuweka jedwali la mzazi na jedwali la mtoto kando kando. Modeli ya proksi hutumia jedwali lilelile na kubadilisha tabia ya Python peke yake. Mbili za kwanza zilikuwamo katika toleo la 1.0 la mwaka 2008, na proksi iliongezwa katika toleo la 1.1 la mwaka 2009.

Anza na modeli dhahania. Ziache tu pale unapoweza kulitaja kwa sentensi moja swali ambalo mfumo wako utaliuliza kwa jedwali la pamoja lenyewe.

## Modeli dhahania

3. Modeli dhahania huandikwaje?

```python
class Rekodi(models.Model):
    tarehe_kuundwa = models.DateTimeField(auto_now_add=True)
    tarehe_kubadilishwa = models.DateTimeField(auto_now=True)
    aliyeingiza = models.ForeignKey(
        settings.AUTH_USER_MODEL,
        on_delete=models.PROTECT,
        related_name="%(app_label)s_%(class)s_alizoingiza",
    )

    class Meta:
        abstract = True
        ordering = ["-tarehe_kuundwa"]


class Mkopo(Rekodi):
    mwanachama = models.ForeignKey(
        "wanachama.Mwanachama", on_delete=models.PROTECT
    )
    kiasi = models.DecimalField(max_digits=14, decimal_places=2)
```

Ikiwa `Mkopo` imo ndani ya app iitwayo `mikopo`, hifadhidata itapata jedwali moja, `mikopo_mkopo`, lenye `id`, nyuga tatu zilizorithiwa, kisha `mwanachama_id` na `kiasi`. Hakuna jedwali la `Rekodi` popote. Ukijaribu kuandika `Rekodi.objects.all()` Django itakukatalia kwa kosa linalosema kwamba meneja (yaani `objects`, mlango wa kuulizia rekodi) haipatikani kwa kuwa modeli ni dhahania, na ndivyo inavyotakiwa iwe.

4. Kwa nini `related_name` ina alama za `%(class)s`?

Kwa sababu uga wa `aliyeingiza` utanakiliwa kwa kila mtoto, na kila nakala inataka jina lake la kurudi nyuma kutoka kwa mtumiaji. Ukiandika jina lisilobadilika, tuseme `rekodi_zake`, mtoto wa kwanza atapita salama, ila siku utakapomwongeza wa pili ukaguzi wa Django utasimama na kosa la `fields.E304`. Alama hizo hujazwa jina la app na jina la klasi kwa herufi ndogo, hivyo mikopo aliyoingiza karani hupatikana kwa `karani.mikopo_mkopo_alizoingiza.all()`. Jina ni refu, lakini halitagongana na jingine.

5. Je, `Meta` nayo hurithiwa?

Hurithiwa ikiwa mtoto hakuandika `Meta` yake. Akiandika yake, ya mzazi hutupwa yote, na hapo ndipo `ordering` hupotea kimyakimya. Dawa ni kuirithi waziwazi kwa kuandika `class Meta(Rekodi.Meta):` na kuongeza unachotaka. Huna haja ya kurudisha `abstract = False`, kwani Django huibadilisha yenyewe kwa mtoto; ukitaka mtoto naye awe dhahania, ndipo unapaswa kuandika `abstract = True` tena.

Usiweke `db_table` katika modeli dhahania. Watoto wote watairithi, na wote watadai jedwali lenye jina moja.

6. Naweza kubadilisha au kuondoa uga niliourithi?

Ndiyo, tangu toleo la 1.10 la mwaka 2016, mradi mzazi awe dhahania. Mtoto anaweza kuutangaza upya uga wenye jina lilelile na aina nyingine, au kuuondoa kwa kuandika `aliyeingiza = None`. Uhuru huu haupo kwa mzazi mwenye jedwali lake (Swali la 8), kwa sababu safuwima iko kule na haiwezi kupuuzwa.

Hata hivyo, ukijikuta unaondoa uga uleule katika watoto watatu, uga huo haukuwa wa pamoja. Igawe modeli dhahania iwe mbili.

7. Naweza kurithi kutoka modeli dhahania kadhaa kwa wakati mmoja?

Naam, na mara nyingi huo ndio mpangilio bora: moja yenye tarehe, moja yenye anwani, moja yenye hali ya uidhinishaji, kisha kila jedwali huchukua linachohitaji. Zingatia mambo matatu.

La kwanza ni `Meta`. Inayochukuliwa ni ile ya mzazi aliyetajwa kwanza; za wengine hupuuzwa usipozirithi kwa mkono kama ilivyoelezwa katika Swali la 5.

La pili ni `save()`. Ikiwa wazazi wawili wameiandika upya, kila mmoja lazima aite `super().save(*args, **kwargs)`, la sivyo kazi ya mwenzake haitafanyika na hakuna kosa litakaloonekana.

La tatu huwatesa wengi. Klasi ya kawaida ya Python isiyorithi `models.Model` haiwezi kubeba nyuga. Ukiandika `class Anwani:` na kuweka ndani yake `mtaa = models.CharField(...)`, kisha ukaiorodhesha miongoni mwa wazazi, programu itawaka bila malalamiko, `makemigrations` (amri inayoandika mabadiliko ya majedwali) haitaona kitu, na safuwima ya `mtaa` haitakuwepo. Klasi ya kawaida inafaa kwa mbinu tu. Yenye nyuga lazima irithi `models.Model` na iwe dhahania.

## Majedwali mengi na proksi

8. Ni lini urithi wa majedwali mengi unafaa?

Unafaa pale mzazi mwenyewe anapokuwa kitu halisi katika shughuli. Katika chama chetu, mwanachama anaweza kuwa mtu binafsi au kikundi. Wote wana namba ya uanachama ambayo haipaswi kujirudia, wote hununua hisa, na mkopo unaweza kuwa wa yeyote kati yao. Hapo `Mwanachama` huwa modeli ya kawaida yenye jedwali lake, na `Kikundi(Mwanachama)` huongeza jedwali la pili lenye jina la mwenyekiti, idadi ya wajumbe na mengineyo. Jedwali la pili huunganishwa na la kwanza kwa safuwima ya `mwanachama_ptr_id`, ambayo ndiyo ufunguo msingi wake. Sharti la namba isiyojirudia linakaa mahali pamoja na linawashika wote wawili, jambo ambalo modeli dhahania haiwezi kukupa kwa sababu kila jedwali hulinda safuwima yake tu.

Ukiwa na mwanachama mkononi, `mwanachama.kikundi` hukupa upande wa pili ikiwa upo, na hutupa `DoesNotExist` ikiwa ni mtu binafsi.

Gharama yake ni kwamba kusoma kikundi kimoja kunahitaji kuunganisha majedwali mawili, kukiandika ni maingizo mawili, na `bulk_create` haifanyi kazi kwa modeli ya mtoto. Gharama hiyo ni ndogo pale panapostahili. Pasipostahili, ni mzigo. Niliwahi kupokea mfumo ambao aliyeutangulia alisahau mstari mmoja tu, `abstract = True`, katika klasi ya tarehe iliyorithiwa na kila modeli. Kila hisa, kila faini na kila rejesho lilikuwa na rekodi yake katika jedwali moja kubwa la tarehe, na ripoti ya mwezi iliyogusa majedwali matano iliunganisha jedwali hilo mara tano. Hakuna aliyewahi kuuliza swali lolote kwa jedwali lile lenyewe.

9. Na proksi?

Proksi hupewa `proxy = True` katika `Meta`, haiongezi safuwima wala jedwali, na kazi yake ni kutoa sura nyingine ya rekodi zilezile. `MkopoUliochelewa(Mkopo)` inaweza kuwa na meneja anayechuja mikopo iliyopita tarehe yake na ukurasa wake wa usimamizi, huku data ikibaki katika `mikopo_mkopo`. Tangu toleo la 2.2, ruhusa za proksi ni zake yenyewe, si za modeli ya asili, kwa hiyo afisa anaweza kuruhusiwa kuona mikopo iliyochelewa bila kuruhusiwa kuona mikopo yote.

10. Naweza kuweka ufunguo wa nje unaoelekea kwa modeli dhahania?

Haiwezekani, kwa sababu hakuna jedwali la kuelekea. Ukitaka, kwa mfano, kiambatisho kinachoweza kuhusu mkopo au hisa, una njia tatu: nyuga mbili za ufunguo wa nje zinazoruhusu kuwa tupu pamoja na `CheckConstraint` inayodai mmoja tu ujazwe, mzazi mwenye jedwali halisi kama katika Swali la 8, au `GenericForeignKey` ya app ya contenttypes. Binafsi huanza na ya kwanza, kwani hifadhidata yenyewe hulinda uhusiano. `GenericForeignKey` haiundi sharti la ufunguo wa nje kuelekea rekodi inayotajwa, na rekodi ikifutwa kwa SQL ya moja kwa moja, kiambatisho hubaki kinaning'inia.

## Maigresheni

11. Nina majedwali yenye nyuga zilizorudiwa na data tayari. Nikihamia modeli dhahania, data itapotea?

Haitapotea, na hili ndilo jambo la kutia moyo kuliko yote. Maigresheni za Django, yaani faili zinazoeleza mabadiliko ya majedwali, huona nyuga za modeli ya mwisho bila kujali kama zimeandikwa hapo au zimerithiwa kutoka modeli dhahania. Nyuga zikiwa na jina, aina na vigezo vilevile, `makemigrations` itajibu `No changes detected`. Jibu hilo ndilo kipimo chako: fanya uhamisho wa modeli moja, endesha amri, soma jibu, kisha nenda kwa inayofuata.

Ukibadilisha `related_name` au `ordering` utaona maigresheni ndogo ambayo haigusi data, hiyo ikubali. Majina yakiwa tofauti, usifanye mambo mawili kwa pamoja. Kwanza badilisha jina ndani ya klasi ya zamani, tuseme kutoka `iliundwa` kwenda `tarehe_kuundwa`, bila kugusa kigezo kingine, na uipe Django nafasi ya kukuuliza kama uga umebadilishwa jina. Jibu `y`. Ukibadilisha jina na vigezo kwa mkupuo mmoja, inaweza isiutambue uga, ikaandika maigresheni ya kufuta safuwima na kuongeza nyingine tupu. Faili la maigresheni lisomwe kila mara kabla ya kuendeshwa. Ukiona `RemoveField` ambayo hukuitarajia, simama.

12. Nikiongeza uga mmoja katika modeli dhahania, nini hutokea?

Kila jedwali lililorithi hubadilishwa. Ikiwa watoto ni kumi na wanane, utapata `AddField` kumi na nane, zilizogawanywa kwa app, na uga usioruhusu kuwa tupu wala usio na thamani ya awali utakufanya uulizwe thamani hiyo mara kumi na nane. Njia tulivu ni kuuongeza ukiwa na `null=True`, kujaza rekodi za zamani, kisha kuufunga katika maigresheni ya baadaye.

13. Nilianza na majedwali mengi. Nawezaje kurudi kwenye modeli dhahania?

Kwa subira. Kuongeza `abstract = True` hakutoshi, na mashine ya maigresheni haifuatilii mabadiliko ya orodha ya wazazi wa modeli. Kilicho salama ni kuunda modeli mpya zenye majina ya muda, kunakili data kwa `RunPython`, kuhamisha funguo za nje zilizoelekea kwa za zamani, na kufuta majedwali ya zamani baada ya kulinganisha hesabu za rekodi. Fanya mazoezi kwenye nakala ya hifadhidata halisi.

## Kushiriki nje ya mradi mmoja

14. Nataka maelezo haya yatumike katika miradi miwili au mitatu. Nifanyeje?

Weka modeli dhahania katika kifurushi cha Python kinachosakinishwa kwa pip. Kifurushi chenye modeli dhahania pekee hakina maigresheni zake. Kila mradi huandika zake, na hivyo matoleo hayagombani. Django yenyewe hufanya hivyo: `AbstractUser` ni modeli dhahania, na ndiyo hukuwezesha kuunda modeli yako ya mtumiaji na kuitaja katika `AUTH_USER_MODEL`, mpangilio uliokuja na toleo la 1.5 la mwaka 2013. Ukitaka tarehe tu, kifurushi cha django-model-utils kina `TimeStampedModel` iliyo tayari, yenye nyuga za `created` na `modified`.

Andika marejeo ya ufunguo wa nje kwa jina kamili, kama `"wanachama.Mwanachama"`, kwani jina fupi linaweza kutafsiriwa kwa app ya mtoto, siyo ya kifurushi.

15. Jedwali tayari lipo, limeundwa na mfumo mwingine. Lazima niandike kila uga?

Endesha `python manage.py inspectdb` na Django itakuandikia modeli kutokana na hifadhidata. Zitakuja na `managed = False`, maana yake maigresheni hazitaunda wala kufuta jedwali hilo. Pitia matokeo kwa mkono, hasa aina za namba na majina ya uhusiano. Usitangaze modeli mbili za kawaida zenye `db_table` moja katika hifadhidata moja, kwani ukaguzi utatoa `models.E028`, ukitaka sura mbili, tumia proksi (Swali la 9).

16. Fremuweki nyingine hufanyaje?

Wazo ni lilelile, mahali tu hutofautiana. Katika Laravel na Rails muundo wa jedwali huandikwa katika maigresheni, kwa hiyo kinachorudiwa hufupishwa hukohuko, kama `timestamps` inavyoongeza safuwima mbili za tarehe. Katika web2py unalipitisha jedwali au kundi la nyuga ndani ya `define_table`; `auth.signature` huongeza kwa mpigo alama za nani aliunda na nani alibadilisha.

## Pembe za hatari

17. Kwa nini `tarehe_kubadilishwa` haibadiliki ninapotumia `update()`?

Kwa sababu `auto_now` hufanya kazi rekodi inapohifadhiwa kwa `save()`, ilhali `update()` ya queryset hutuma SQL moja kwa moja. Iandike mwenyewe: `update(hali="imelipwa", tarehe_kubadilishwa=timezone.now())`. Kwa chama kinachokaguliwa, kosa hili si dogo: mikopo mia inaweza kufungwa kwa amri moja na kumbukumbu zikaonyesha kwamba haikuguswa.

18. Ishara ya `post_save` niliyoifunga kwa modeli dhahania haipokelewi. Kwa nini?

Mtumaji wa ishara ni klasi halisi iliyohifadhiwa, yaani `Mkopo`, kamwe si `Rekodi`. Pokea ishara bila kutaja mtumaji kisha upime `issubclass(sender, Rekodi)`, au ifunge kwa kila mtoto.

19. Masharti na faharasa zinaweza kurithiwa?

Zinaweza, lakini jina la sharti lazima liwe la kipekee. Tangu toleo la 3.0 unaweza kuandika `name="%(app_label)s_%(class)s_kiasi_chanya"` na kila mtoto akapata lake. Angalia urefu wa majina: jina la faharasa halipaswi kuzidi herufi 30, na klasi zenye majina marefu hufika huko upesi.

20. Naweza kurithi meneja anayeficha rekodi zilizofutwa?

Ndiyo, meneja wa modeli dhahania hurithiwa. Lakini meneja wa kwanza kutangazwa huwa ndiye chaguomsingi, na kurasa za usimamizi pamoja na `mwanachama.mkopo_set` humtumia huyo. Ukimtangaza mchujaji kwanza, hata msimamizi hataziona rekodi zilizofichwa. Tangaza `objects = models.Manager()` kwanza, na mchujaji umpe jina lake, tuseme `hai`, ili anayesoma msimbo aone wazi kwamba anachuja.

21. Nilifuta klasi ya mbinu isiyotumika tena, na sasa maigresheni za zamani hazifunguki. Nini kimetokea?

Modeli dhahania haiandikwi katika faili la maigresheni, ila klasi ya kawaida ya Python iliyokuwa miongoni mwa wazazi wakati jedwali lilipoundwa huandikwa, ndani ya `bases` ya `CreateModel`. Faili hilo bado linaitafuta pale ilipokuwa. Fungua maigresheni husika na uiondoe kwenye `bases` pamoja na mstari wake wa `import`. Muundo wa jedwali hautaathirika, kwa kuwa klasi hiyo haikuwa na safuwima hata moja.